Mraibu wa Pombe na Mchungaji Wake

Katika makala hii tunakusudia kueleza jambo ambalo mara nyingi huachiwa waganga peke yao, ilhali mchungaji ndiye aitwaye kwanza. Mtu anapotekwa na pombe, mke wake haanzii hospitali. Huanzia kwa mzee wa kanisa wa mtaa wake, kisha huenda kwa mwinjilisti, na mwishowe hubisha hodi nyumbani kwa mchungaji, tena usiku. Lile atakaloambiwa pale mlangoni laweza kumponya mumewe, na laweza kumwua. Hatusemi hivyo kwa kutia chumvi. Upo ushauri unaotolewa kwa nia njema kabisa katika sharika zetu, wa kumtaka mlevi aape mbele za Mungu kwamba tangu saa ile hatagusa pombe tena. Kwa baadhi ya watu ushauri huo ni wa hatari kwa mwili, nasi tutajaribu kuonyesha kwamba una kasoro hata katika theolojia.

Tutazungumza zaidi juu ya pombe, kwa kuwa ndiyo ijazayo mashauri ya mabaraza ya wazee. Heroini tutaigusa kwa ufupi kuelekea mwisho, maana hatari yake kubwa hukaa mahali pengine kuliko ile ya pombe, na anayedhani kwamba kujua moja ni kujua yote ataumiza watu.

Neno "mlevi" halitoshi

Lugha yetu ina neno moja, mlevi, nalo limebebeshwa watu watatu. Wa kwanza ni yule aliyelewa arusini Jumamosi, na Jumatatu yuko shambani kwake kama kawaida. Wa pili hunywa mara kwa mara kiasi cha kujidhuru, hugombana, hupoteza fedha ya ada, lakini akishtuliwa na jambo zito aweza kupunguza au kuacha. Wa tatu ni yule ambaye pombe imekwisha kuubadili mwili na ubongo wake hata hawezi kuacha, ingawa anataka na ingawa analia anapoungama. Huyu wa tatu ndiye mraibu. Baraza la wazee huwahukumu wote watatu kwa kipengele kimoja cha katiba ya usharika, na hapo ndipo matata yanapoanza.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, hutambua uraibu wa pombe kwa mambo makuu matatu. Mtu hushindwa kujitawala, yaani hawezi kuamua aanze lini, anywe kiasi gani, wala aishie wapi. Pombe hutangulia mbele ya mengine yote, kazi, watoto, afya na ibada, na huendelea kutangulia hata baada ya kuleta hasara. Tena mwili wenyewe huizoea, hata kiasi kilichomlewesha zamani hakimtoshi tena, na akiikosa huumwa. Mambo mawili kati ya hayo yakionekana kwa muda wa miezi 12, au kwa muda mfupi zaidi ikiwa mtu hunywa kila siku, tabibu ana haki ya kusema huu ni uraibu.

Msomaji aangalie kwamba hapo hapakutajwa idadi ya vikombe, wala kuanguka mtaroni. Mraibu wa siku nyingi aweza kunywa asubuhi, akasimama imara, akasoma somo la kwanza kanisani bila kukosea neno. Hayumbi kwa sababu mwili umekwisha kuzoea. Anayeyumba mapema ni mgeni wa pombe. Kwa hiyo mzee wa kanisa ambaye "hajawahi kuonekana amelewa" huenda ndiye mgonjwa kuliko wote, na asubuhi hunywa kidogo ili mikono isitetemeke. Vilabuni wana neno lao kwa unywaji huo wa asubuhi, kuzimua. Mchungaji akisikia kwamba mtu hawezi kuianza siku bila kuzimua, amekwisha kupata nusu ya habari anayoihitaji.

Mwandishi wa Mithali 23:29-35 aliyajua haya. Anataja macho mekundu, majeraha yasiyo na sababu, kuona mambo ya ajabu, kupigwa bila kusikia uchungu. Kwa maoni yetu uzito wote umo katika neno la mwisho la kifungu hicho, ambapo mtu yule aliyekwisha kuumia anauliza ataamka lini ili akaitafute tena. Wahubiri wetu hupenda sana lile la nyoka na huishia hapo.

Kipo pia kipimo chepesi kiitwacho AUDIT, kilichotayarishwa na Shirika la Afya Duniani, chenye maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40. Anayefikisha alama 8 na zaidi ana unywaji wa kuangaliwa. Maswali hayo yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi. Hakuna sababu mwanafunzi wa theolojia amalize masomo yake bila kuyajua, kama ajuavyo maswali ya kumwandaa bwana na bibi arusi.

Siku ya tatu

Sasa tueleze yatukiayo mwilini, maana hapa ndipo penye uhai na mauti.

Ubongo huendeshwa na kemikali nyingi, baadhi zikituliza na baadhi zikiamsha. Pombe huzipa nguvu zile za kutuliza na kuzifinya zile za kuamsha, ndiyo maana mnywaji hulegea na hofu humwondoka. Pia hufungua dopamini, kemikali inayouambia ubongo kwamba jambo hili ni jema, lirudiwe. Ubongo usipopata nafasi ya kupumzika kwa miezi na miaka, hujitengeneza upya ili uishi na mgeni huyu. Huongeza nguvu za kuamsha ili kushindana na utulivu wa pombe. Ni kama mtu anayesukuma mlango kwa nguvu zake zote kwa sababu upande wa pili mwenzake ameuzuia. Madamu wote wawili wanasukuma, mlango umesimama. Mwenzake akiondoka ghafula, huyu anaanguka kifudifudi.

Kuanguka huko kuna saa zake. Baada ya saa 6 hivi tangu kikombe cha mwisho, mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo hupiga mbio, usingizi hukimbia. Kati ya saa 6 na 48 huweza kuja degedege kama za kifafa, kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne, kwa wachache ambao uraibu wao ni mzito, huja lililo baya zaidi: homa, mapigo ya moyo yasiyo na utaratibu, na kuweweseka. Mgonjwa huona wadudu wakitambaa ukutani, husema na watu wasiokuwapo, hamtambui mkewe, hupigana na wanaomshika. Asipotibiwa aweza kufa. Dalili za kuacha dawa nyingine nyingi hutesa sana bila kuua. Za pombe huua.

Tuchukue mfano wa kutunga, ambao wachungaji wengi wataona wanaufahamu. Katika mkutano wa uamsho wa Jumapili jioni, baba mmoja mwenye umri wa miaka 50 anakuja mbele, analia, anatubu, anavunja chupa mbele ya watu wote. Usharika unaimba. Jumatatu anatetemeka, nao wanasema ni udhaifu wa mwili. Jumanne usiku anaanza kupiga kelele kwamba chumba kimejaa siafu. Mkewe anatuma mtoto kwa mwinjilisti: "Shikamoo baba, mama anasema uje, baba amekuwa mwingine." Wanakusanyika watu wa maombi. Nao wanayo maelezo tayari, tena maelezo yanayolingana kabisa na mambo yalivyofuatana: juzi ameokoka, leo amechafuka, basi adui amekasirika na kumrudia. Kama tungekuwa hatujui lolote juu ya ubongo, nasi tungesema hivyo hivyo. Kwa hiyo wanafunga pamoja naye. Mtu mwenye homa, aliyekaukiwa maji, asiyekula tangu Jumapili, ananyimwa chakula na maji, anashikwa mikono na miguu, na kelele zinaongezwa kichwani pake usiku kucha.

Hatuandiki haya kwa kuwadharau watu wa maombi. Wala makala hii haikusudii kujadili kama pepo wapo. Maandiko yanasema juu yao, na kanisa letu halikuyafuta maandiko hayo. Tunachosema ni juu ya utaratibu. Kabla ya jambo lolote lingine mchungaji aulize: alikunywa mara ya mwisho lini, na kabla ya hapo alikuwa anakunywa kila siku? Jibu likiwa ni siku mbili au tatu zilizopita, baada ya miaka mingi, huyo ni wa hospitali usiku ule ule. Huko watampa diazepamu, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu, inayoshika nafasi ya utulivu ulioondoka na kupunguzwa kidogo kidogo. Watampa vitamini B1, iitwayo thayamini, kwa maana mlevi wa siku nyingi huikosa, na kuikosa kwaweza kuharibu kumbukumbu yake moja kwa moja. Watampa maji. Mchungaji na apande gari pamoja naye na kuomba njia nzima.

Na yule ambaye bado hajaacha, anayekunywa kila siku na kuzimua asubuhi, asiapishwe kuacha leo. Apelekwe kwanza kwa mganga, apangiwe namna ya kuacha. Tunajua neno hili litawakwaza baadhi ya ndugu, kwamba mchungaji amwache mtu arudi nyumbani akiwa bado anakunywa. Lakini kumchelewesha kwa siku tatu akiwa hai ni bora kuliko kumzika akiwa amevunja chupa.

Kutoka mbege hadi kiroba

Hapana budi kusema neno juu ya pombe zenyewe, kwa kuwa kanisa letu limekua katikati yake. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 waliikuta mbege, inayotengenezwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na kutiwa uchungu kwa gome la msesewe. Iringa kuna ulanzi, Kagera kuna rubisi, pwani kuna mnazi. Hizi ni pombe zisizo kali sana, hazidumu siku nyingi, na zilinywewa kwa utaratibu: palikuwa na sababu ya kunywa, palikuwa na wakubwa wa kuanza, na palikuwa na siku ambazo hapakuwa na pombe kwa sababu haikuwa imeiva. Hatuzisifu. Walevi walikuwapo hata wakati huo. Lakini pombe isiyodumu huweka mipaka yake yenyewe.

Pombe iliyokenekwa haina mpaka huo. Gongo hukaa, huuzwa kwa kificho, na ikichanganywa na methanoli hupofusha na kuua, kama ilivyotokea Kenya Mei 2014, makumi ya watu walipokufa kwa muda wa siku chache. Viroba, yaani pombe kali katika vifuko vya plastiki, vilimfikia kijana wa bodaboda na hata mwanafunzi, kwa kuwa vilikaa mfukoni na bei yake ilikuwa ndogo. Serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Marufuku hiyo ilikuwa njema, ingawa haikumponya aliyekwisha kuwa mraibu.

Na tuseme kwa haki: ni akina mama wajane wangapi wamelipa ada za shule, na hata ahadi zao za kanisa, kwa fedha ya kupika pombe? Mahubiri yanayomlaani mpishi wa pombe Jumapili, kisha mhazini akapokea bahasha yake bila swali, yamekosa kitu.

Madhara ya pombe mwilini yanajulikana na hatutayarefusha. Ini hukakamaa. Mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka pombe miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani bila shaka, nayo saratani ya umio ni mojawapo. Mnywaji wa kupindukia huugua kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na mwenye virusi vya Ukimwi husahau dawa zake. Mtoto aliye tumboni huweza kuzaliwa na ubongo uliodhurika, naye hatalipata jina la ugonjwa wake shuleni, ataitwa mzito. Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani. Yaliyomo nyumbani hayamo katika hesabu hiyo: watoto wanaojifunza kutambua mlio wa hatua za baba kabla hajafungua mlango, na mke anayemwombea udhuru kazini mpaka naye amekuwa mtumishi wa ugonjwa ule.

Dhambi au ugonjwa?

Swali hili huulizwa katika kila semina, na tunaona limeulizwa vibaya. Anayelijibu kwa kusema "dhambi" hutaka mtu atubu na basi. Anayelijibu kwa kusema "ugonjwa" hutaka apewe dawa na asiulizwe neno. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho (1 Kor. 6:9-11), anawataja walevi pamoja na wengine wasioweza kuurithi ufalme, halafu anawaambia wasomaji wake kwamba baadhi yao walikuwa watu wa namna hiyo. Hakusema walipona siku moja, wala kwa njia gani.

Luther naye alilijua tatizo hili nyumbani kwao. Alipoifafanua Zaburi ya 101 katika miaka ya 1530, alisema kwamba kila nchi ina shetani wake, na shetani wa Ujerumani ni ulevi. Alisema hayo mtu aliyeipenda bia, ambaye mkewe Katharina alikuwa fundi wa kuipika. Hatukumbuki haya ili kumcheka, bali kwa sababu yanatuzuia tusidhani kwamba mpaka kati ya mnywaji na mraibu ni mpaka kati ya mwovu na mwema. Wawili hunywa kikombe kimoja miaka 20. Mmoja hutekwa, mwingine hatekwi. Uchunguzi juu ya mapacha umeonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti hiyo hutokana na urithi wa damu.

Wengine watakimbilia kitabu cha Luther cha mwaka 1525 juu ya utumwa wa utashi, na kusema mraibu ndiye mfano wake. Hapo yatupasa tuwe waangalifu. Luther alisema juu ya utashi wa mwanadamu mbele za Mungu, katika mambo ya wokovu. Katika mambo yaliyo chini yetu hakukana kwamba tuna hiari, na Ungamo la Augsburg, kifungu cha 18, lasema vivyo hivyo. Kula na kunywa ni katika mambo hayo ya chini. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mraibu hana hiari yoyote. Anayo, ila imebaki nyembamba, na kazi ya mchungaji ni kuitafuta ilipobakia. Hawezi kuamua asitamani. Hawezi, mara nyingi, kuamua aishie kikombe cha pili. Lakini aweza kukubali kusindikizwa hospitali kesho saa 2 asubuhi. Aweza kumpa mkewe mshahara siku ya kulipwa, na kutopita njia ya kilabuni. Basi aombwe hayo, asiombwe kiapo.

Kiapo kina kasoro hii: humrudisha mtu kwenye nguvu zake mwenyewe na kuziita imani. Akikivunja, na wengi hukivunja, sasa ana dhambi mbili, ya kulewa na ya kumdanganya Mungu, naye haoni sababu ya kurudi kanisani. Hiyo ni sheria iliyovikwa nguo ya injili. Uraibu ni ugonjwa wa kurudia, kama shinikizo la damu na kisukari, ambavyo navyo mgonjwa huvidhibiti, huteleza, na kuanza tena. Hakuna mzee wa kanisa amtengaye mgonjwa wa kisukari kwa sababu sukari yake imepanda.

Ni jambo la kupendeza kwamba walioligundua hili kwa vitendo walitoka karibu na nyumba yetu. Chama cha Alcoholics Anonymous kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, walipokutana walevi wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith. Wote wawili walikuwa wamepitia kundi la Oxford, lililoanzishwa na Frank Buchman, mchungaji wa Kilutheri kutoka Pennsylvania. Hatua yao ya kwanza ni kukiri kwamba mtu hawezi. Baada ya hapo huja kuungama mbele ya mwingine na kuwalipa waliodhulumiwa. Na hukutana mara kwa mara, wala hawamfukuzi aliyeanguka. Kundi la watu sita wanaokutana Alhamisi katika chumba cha Kipaimara, wenye kujua wanachozungumza, litamfaa mraibu kuliko mkutano wa uamsho wa siku saba. Dawa pia zipo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziongeza naltreksoni na akamprosati katika orodha yake ya dawa za lazima, ingawa bado hazipatikani kwa urahisi.

Meza ya Bwana

Kutengwa kuliwekwa ili kumrudisha mtu. Kwa mraibu mara nyingi hufanya kinyume, kwa kuwa kunamwondoa mahali pa pekee ambapo bado alikuwa na sababu ya kuwa mkavu siku ya Jumapili. Hatusemi nidhamu ifutwe. Anayepiga watu nyumbani lazima azuiwe, na mke na watoto walindwe kwanza, hata kwa polisi. Tunasema tu kwamba anayekuja kwa mchungaji akiomba msaada asikutane na adhabu kabla ya msaada.

Lakini kuna jambo jingine ambalo katika sharika nyingi halijafikiriwa. Aliyeacha pombe miezi minne anapiga magoti mbele ya madhabahu, na kikombe cha divai kinamfikia. Kwa wengine harufu peke yake huamsha yale yaliyolala. Na kama anatumia disulfiramu, dawa ambayo Wadenmark waliigundua kuwa tiba ya ulevi mwaka 1948, hata divai kidogo yaweza kumfanya awe mwekundu usoni, atapike na moyo upige kwa nguvu, kwa kuwa ndivyo dawa hiyo ifanyavyo kazi. Mchungaji asiyejua atasema amekula na kunywa isivyostahili.

Je, apewe mkate peke yake? Wapo wanaohofu kwamba tutarudi kwenye kosa lile ambalo Ungamo la Augsburg lilipinga katika kifungu cha 22. Hatuoni hivyo. Kilichopingwa pale ni kanisa kuwanyima walei kikombe ambacho Bwana aliwapa. Anayekiacha kwa hiari, kwa ajili ya uhai wake, hakunyimwa kitu, wala Kristo hakugawanyika akawa nusu katika mkate. Sharika nyingine huweka kikombe cha maji ya zabibu yasiyochachuka. Wenye dhamiri nzito juu ya divai watabishana, na wabishane. Ila lolote litakaloamuliwa, litangazwe kwa wote, ili mtu asilazimike kueleza ugonjwa wake pale madhabahuni huku mstari mzima ukimngojea.

Neno juu ya heroini

Heroini ilianza kuenea katika miji ya pwani yetu katika miaka ya 1980, na sasa vijana wa sharika za Dar es Salaam na Tanga, na jirani zao wa Zanzibar, wanajua maana ya unga na ya arosto, yaani mateso ya kuukosa. Arosto huumiza mifupa, huharisha, hutapisha, lakini kwa kawaida haiui. Hatari kubwa iko baadaye. Kijana akikaa wiki kadhaa bila unga, kifungoni au katika kambi ya maombi, mwili husahau mazoea yake. Akitoka akarudia kipimo kile cha zamani, pumzi husimama. Kwa hiyo siku ya kutoka kambini, ambayo usharika huiita siku ya ushindi, kwa hakika ni siku ya kumkalia karibu. Tangu Februari 2011 hospitali ya Muhimbili imetoa methadoni, dawa inywewayo kila siku ili mwili usidai heroini, na vituo vingine vimefuata. Anayekunywa methadoni na kwenda kazini asiambiwe na mwinjilisti kwamba hajapona bado, aitupe. Wapo waliotii.

Limebaki moja, nalo tunalitaja kwa sababu jarida hili husomwa na wale litakaowahusu. Mtume anamtaka askofu asiwe mtu wa kuzoea ulevi (1 Tim. 3:3), na katika waraka ule ule anamshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake (5:23). Kati ya mistari hiyo miwili wanaishi watumishi wenzetu ambao hunywa peke yao usiku, mlango ukiwa umefungwa, na asubuhi hutafuna majani ya mpera kabla ya ibada. Mshiriki wa kawaida ana mchungaji wa kumwendea. Mchungaji akimwendea mkuu wa jimbo, anamwendea mtu atakayeandika barua ya uhamisho. Katika kila dayosisi na awepo mmoja, mganga au mchungaji mstaafu, asiye na mamlaka juu ya kazi ya mtu, ambaye jina lake linajulikana na ambaye halazimiki kutoa taarifa kwa yeyote.